Uliza Mama Santuri: "Hound Dog" ni wimbo wa nani?

Mwezi uliopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba "Hound Dog" haukuanza na Elvis Presley, yule Mzungu wa Marekani aliyeitwa mfalme wa roki; mwanamke mweusi aliutoa miaka mitatu na ushei kabla yake. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka huu. Kuna walioshukuru, kuna walionikemea, na msomaji mmoja wa Iringa ameniomba nimwache mfalme apumzike kaburini. Nimechagua barua sita. Zilizofanana nimezijibu pamoja, kwa hiyo usipouona mji wako usidhani nimekuruka.

*Shikamoo Mama Santuri. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanza. Ule mstari wako umeleta ubishi kijiweni mpaka watu wawili hawasalimiani. Mmoja anasema Elvis alikuwa mwizi wa nyimbo za watu weusi. Wa pili amechimba mtandaoni akakuta wimbo wenyewe ulitungwa na Wazungu, sasa anauliza: kilichoibwa ni nini? Tumekubaliana utakachosema wewe ndicho tutakachofuata. — Fundi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Waambie wasalimiane, maana kila mmoja ameshika kipande cha kweli.

Baba yangu alikuwa na duka la santuri Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Chumba kimoja, kaunta ya mbao, na gramafoni ya kumsikilizisha mteja kabla hajalipa. Nilipofika miaka kumi akanikabidhi kitambaa cha flana cha kufutia vumbi, pamoja na amri moja: usiweke sindano kabla hujasoma lebo yote. Hakuwa na maana ya jina la mwimbaji, lile kubwa ambalo hata asiye na miwani huliona. Alikusudia yale maandishi madogo chini ya jina la wimbo. "Hapo ndipo pesa inapokwenda kulala," alikuwa akiniambia.

Santuri ya Elvis ya mwaka 1956 ilikuwapo dukani, na ninayo mpaka leo. Upande mmoja ni "Hound Dog". Maandishi madogo: Leiber, Stoller. Igeuze. Upande wa pili ni "Don't Be Cruel". Maandishi madogo: Blackwell, Presley. Ubishi wenu wote umo katika majina hayo manne.

Jerry Leiber na Mike Stoller walikuwa vijana wa Kizungu wa miaka 19, wakaazi wa Los Angeles, wapenzi wakubwa wa bluzi. Mwaka 1952 walimwona Willie Mae Thornton akifanya mazoezi na bendi ya Johnny Otis, wakaenda kumtungia wimbo yeye hasa, kwa kipimo cha sauti yake, umbo lake na ukali wake. Watu walimwita Big Mama. Alitoka Alabama, binti wa mchungaji, na dramu na kinanda cha mdomo alijifunza mwenyewe. Kwa hiyo rafiki yenu wa pili hakukosea: utunzi ulitoka kwa Wazungu.

Lakini msikilizeni alivyouimba studioni tarehe 13 Agosti 1952. Mbwa anatajwa, ila anayesemwa ni mwanamume asiyefanya kazi, anayekuja kunusanusa mlangoni kwa mwanamke apate kulishwa, na mwanamke anamfukuza. Sisi tungemwita marioo. Thornton ananguruma, anavuta neno mpaka linakaribia kukatika, na gitaa la Pete Lewis linamwitikia kama jirani aliye dirishani akisema mwambie, mwambie. Mwaka 1953 wimbo huo ulikaa wiki saba kileleni mwa chati ya muziki wa watu weusi. Baadaye bendi ya Freddie Bell, iliyokuwa ikiburudisha watu Las Vegas, ikabadilisha maneno yawe ya kuchekesha, na Elvis akauchukua kutoka kwao. Sasa mbwa ni mbwa kweli, na kosa lake ni kushindwa kukamata sungura. Hasira ya yule mwanamke yote imeondolewa. Santuri hiyo ya Elvis, kwa pande zake mbili, ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 11. Thornton alieleza kwamba "Hound Dog" ilimpa hundi moja ya dola 500, na hakuona nyingine.

Haya, upande wa pili. Otis Blackwell alikuwa mtunzi mweusi wa Brooklyn, New York. Mkesha wa Krismasi mwaka 1955, hana kitu mfukoni, aliuza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja. "Don't Be Cruel" ilikuwa mmojawapo. Watu wa Elvis walitaka sehemu ya utunzi ndipo aurekodi, na ndiyo maana unaliona jina la Presley pale ingawa hakuutunga. Blackwell akaona heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Akaendelea kumtungia: "All Shook Up" ni yake, mkono wake umo katika "Return to Sender", na umo pia katika "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis. Nyimbo zake alizirekodi kwanza mwenyewe kwenye kanda za mfano ili mwimbaji asikie zinavyokwenda. Elvis alizisikiliza kanda hizo vizuri sana, ukisikia Blackwell anavyoimba utajua. Watu hao wawili hawakuwahi kukutana ana kwa ana.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Blackwell alipunjwa, lakini mirabaha ya mtunzi ilimfikia kwa sababu jina lake lilikuwa katika maandishi madogo. Thornton, ambaye wimbo ulikatwa kwa kipimo chake kama gauni, hakuwa na jina pale. Kwa sheria ya wakati ule, sauti ile na mngurumo ule havikuwa mali ya mtu.

Na Elvis mwenyewe? Mwaka 1956 aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu weusi walikuwa wakiimba na kupiga hivyo zamani sana na hakuna aliyejali mpaka yeye alipokuja. Akamtaja Arthur Crudup, ambaye muziki wake aliusikia utotoni Tupelo, Mississippi. Crudup ndiye mwenye "That's All Right", aliyoirekodi Chicago mwaka 1946. Elvis alianza safari yake na wimbo huohuo, Memphis, Julai 1954. Siwezi kumwita mwizi mtu aliyemtaja mwalimu wake hadharani. Ila kutajwa gazetini hakukumpa Crudup unga. Aliishi kwa vibarua vya shamba Virginia, akafa mwaka 1974 haki zake bado hazijalipwa.

Wapelekee tarehe hizi kijiweni. Kuna jumba la heshima la muziki wa roki huko Cleveland. Elvis aliingizwa mwaka 1986, katika kundi la kwanza kabisa. Leiber na Stoller, 1987. Big Mama Thornton, aliyefariki mwaka 1984 akiwa na miaka 57, aliingizwa mwaka 2024. Nimezisoma tarehe hizo mara nyingi na kila mara zinaniuma.

*Mama Santuri, hujambo? Nasoma sheria, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Kwamba mtunzi ana haki ninaelewa. Lakini aliyeimba naye ametoa jasho. Sheria ya Marekani ilimwachaje mikono mitupu? — Mwanafunzi, Nairobi*

Sijambo mwanangu. Sheria ilitambua maneno na mahadhi, basi. Mpangilio wa vyombo, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kuchelewesha neno, vyote hivyo vilikuwa vya yeyote atakayevichukua. LaVern Baker alitoa "Tweedle Dee" mwishoni mwa 1954. Haikupita muda, Georgia Gibbs, mwimbaji wa Kizungu, akautoa tena kwa mpangilio uleule, na redio nyingi zikapiga wa Gibbs. Toleo la Gibbs likapanda chati kuu kuliko la Baker. Mwaka 1955 Baker akamwandikia mbunge wa Michigan, Charles Diggs, akimwomba sheria irekebishwe ili mtu asinakiliwe hivyo. Haikurekebishwa. Rekodi zenyewe hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho mpaka Februari 1972. Na hili litakushangaza zaidi: redio za kawaida za Marekani, zile za masafa ya hewani, humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, lakini mwimbaji hazimlipi kitu, hadi leo.

Hata aliyefanikiwa kuandikwa kwenye lebo aliwekewa wageni. Lebo ya "Maybellene", kibao cha kwanza cha Chuck Berry, mwimbaji na mpiga gitaa mweusi wa roki, mwaka 1955, ilikuja kuonyesha watunzi watatu: Berry, mtangazaji wa redio Alan Freed, na mtu aitwaye Russ Fratto ambaye alikuwa na biashara na wenye kampuni ya santuri. Freed akaupiga wimbo kwa nguvu zote kwenye kipindi chake, na kila ulipopigwa alikuwa anajipigia yeye. Majina hayo mawili yaliondolewa mwaka 1986. Berry alikuwa karibu na miaka 60.

Kama unatafuta mada ya utafiti, mwanangu, chukua suala la mwimbaji Ruth Brown. Miaka ya 1950 kampuni yake ya santuri, Atlantic, iliuza santuri zake nyingi kiasi kwamba watu waliiita nyumba iliyojengwa na Ruth. Miaka iliyofuata alilea watoto kwa kufanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule. Alipouliza mirabaha yake, akaambiwa hesabu inaonyesha yeye ndiye anayedaiwa, kwa kuwa gharama za studio na za wanamuziki zilikuwa zikiandikwa upande wake. Wakili Howell Begle akalishikilia jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1988 kampuni ikakubali kufuta madeni ya Brown na ya wenzake kadhaa, na kulipa mirabaha ya miaka ya nyuma. Ndipo pia ilipoanzishwa taasisi ya Rhythm and Blues Foundation ya kuwasaidia wanamuziki wazee. Zingatia alichokidai yule mama. Sifa alikuwa nazo tele. Alitaka kufunguliwa daftari la hesabu.

*Shikamoo Mama. Ninaimba kwaya kanisani kwetu, Moshi. Kaka yangu ameninunulia gitaa la umeme na nimeanza kulipiga ibadani. Baadhi ya wazee wanasema gitaa la namna hiyo ni la roki, la kidunia, na tena si chombo cha msichana. Niwajibu nini bila kuwavunjia heshima? — Binti wa kwaya, Moshi*

Marahaba binti yangu. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Waambie kwa upole kwamba hilo gitaa la roki lenyewe lilipita kanisani kwanza, mikononi mwa mwanamke.

Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti mwenye kupiga mandolini, na mtoto alikua akipiga gitaa katika mikutano ya injili, akizunguka na mama yake. Mwaka 1938, New York, alianza kuimba nyimbo za kanisani katika klabu za usiku, watu wakinywa na kucheza. Waumini wengi walikasirika, na wako ambao hawakumsamehe. Kwa hiyo wazee wako si wa kwanza kulisema neno hilo, na yeye hakuacha injili kwa sababu yao.

Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day", gitaa la umeme mkononi na Sammy Price kwenye piano. Ni wimbo wa injili, na mwaka 1945 ulifika nafasi ya pili katika chati ya muziki wa watu weusi, katikati ya nyimbo za mapenzi na ulevi. Mimi huwafanyia wageni wangu jaribio: nawapigia huo, kisha nawapigia santuri yoyote ya Chuck Berry ya miaka kumi na kitu baadaye, bila kusema neno. Wanageuka kunitazama. Ule mruko wa nyuzi za juu kati ya mstari na mstari, ile namna ya gitaa kudakia neno kabla mwimbaji hajalimaliza, ni ya mwanamke aliyekuwa anamsifu Mungu.

Mwaka 1947 alikuwa na onyesho Macon, Georgia. Kijana wa miaka 14 aliyekuwa akiuza soda katika ukumbi ule alisikika akiimba nyimbo zake kabla onyesho halijaanza. Tharpe akamwita jukwaani, akamwimbisha mbele ya watu, na baadaye akamlipa. Kijana huyo ni Little Richard, ambaye mwaka 1955 alirekodi "Tutti Frutti" New Orleans na kuutikisa ulimwengu. Alilisimulia jambo hilo kwa shukrani mpaka uzeeni. Mwenyewe naye alinakiliwa: Pat Boone, kijana wa Kizungu mwenye sauti laini, aliutoa wimbo huohuo upesi na toleo lake likapanda chati kuu kuliko la mwenyewe. Basi alipokuja kurekodi "Long Tall Sally", wimbo ulikimbizwa makusudi ili ulimi wa Boone ushindwe kuufuata. Boone akautoa hata hivyo.

Nikurudishe kwa Rosetta. Kuna picha ya televisheni ya mwaka 1964, Manchester, Uingereza, ambayo lazima uitafute. Jukwaa ni kituo cha treni kilichokuwa hakitumiki tena. Vijana wa Kizungu wameketi jukwaa la upande mmoja wa reli, yeye yuko upande wa pili. Kumelowa, mvua imepiga. Anashuka kwenye gari la farasi akiwa na koti lake, anavaa gitaa jeupe la umeme, na anaanza kuimba habari za gharika ya Nuhu, "Didn't It Rain". Anapofika kwenye sehemu ya gitaa peke yake, mtazame mkono wa kulia. Hauharakishi. Anapiga kama anayechagua mchele, chembe moja moja, halafu ghafla anamwaga sinia zima. Nilipomwonyesha mjukuu wangu alitaka turudie mara nne, na mara ya nne alikuwa amesimama.

Alifariki mwaka 1973 Philadelphia, baada ya kisukari kumtoa mguu mmoja. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina, mpaka wapenzi wake walipofanya tamasha la kuchangisha fedha. Katika jumba lile la Cleveland aliingizwa mwaka 2018, miaka 32 baada ya vijana waliojifunza kwake.

Sasa kuhusu Jumapili. Usibishane na wazee mlangoni. Waombe dakika tano baada ya ibada, uwapigie Rosetta kwenye simu, usiseme neno. Na kikuza sauti chako kiweke chini ya sauti za kwaya, si juu yake. Mara nyingi kinachowachosha wazee ni kelele kuliko chombo chenyewe.

*Salamu Mama. Mimi dereva wa lori, Eldoret. Kwenye gari yangu ni kantri tu: Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers. Huo angalau ni muziki wa Wazungu watupu, ama? — Dereva, Eldoret*

Salama, dereva, na usiache kuwasikiliza hao, hata mimi Jim Reeves hunitoa machozi. Lakini banjo unayoisikia mle ndani ilitengenezwa kwanza na Waafrika waliopelekwa utumwani, kwa kukumbuka ala za Afrika Magharibi. Kipindi kikubwa cha kantri kuliko vyote, Grand Ole Opry cha Nashville, kilipewa jina hilo hewani mwaka 1927, na mwanamuziki aliyekuwa ametoka tu kupiga wakati jina linatamkwa alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi mfupi aliyeweza kuitoa treni nzima katika kinanda cha mdomo. Aliachishwa kazi mwaka 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu katika mji uleule. Jumba la heshima la kantri lilimtambua mwaka 2005. Alikuwa amefariki mwaka 1982. Hank Williams, nguli wa kantri, alifundishwa gitaa huko Alabama na mpiga gitaa mweusi wa mitaani, Rufus Payne. Familia ya Carter, waimbaji wa kantri wa mwanzo, nayo ilipokusanya nyimbo milimani, A.P. Carter alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi mwenye mguu mmoja: Carter aliandika maneno, Riddle alibeba mahadhi kichwani mpaka nyumbani.

Ukifika Malaba kwenye foleni ya mpaka, mtafute DeFord Bailey, "Pan American Blues". Utadhani kuna garimoshi nyuma ya lori lako.

*Assalaam alaykum Bibi. Nimezaliwa Unguja, naishi Maskati. Nakusoma kila mwezi. Je, ni Wazungu peke yao waliokula haki za wanamuziki weusi? Na nyimbo za kwetu Afrika? — Msomaji, Maskati*

Waalaykum salaam. La, si wao peke yao, na ni vema umeuliza. Kampuni ya santuri ya Motown, ya Detroit, ilianzishwa mwaka 1959 na Berry Gordy, mtu mweusi, kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake, na ninaiheshimu sana. Lakini wapiga vyombo wake hawakuandikwa kwenye majalada kwa miaka mingi. James Jamerson, ambaye besi yake imo katika vibao vingi vya kampuni ile, alitajwa jaladani mwaka 1971 tu, katika "What's Going On" ya Marvin Gaye. Clyde Stubblefield alipiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown, zile ambazo wanamuziki wa kufokafoka wamezikata na kuzibandika kwenye nyimbo zao mara zisizohesabika. Mapigo ya dramu hayakuhesabiwa kuwa utunzi, na jina lililoandikwa lilikuwa la Brown.

Afrika hatukupona. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukafika Marekani, mwimbaji wa huko Pete Seeger akasikia vibaya neno la Kizulu akaimba "Wimoweh", mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya katuni ya simba. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 baada ya kwenda mahakamani. Hapa kwetu, wale wa rika langu mtaukumbuka "Helule Helule" wa Daudi Kabaka. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliupandisha kwenye chati ya kwao, na nina hakika vijana wengi wa London waliucheza wakidhani ni neno lisilo na mwenyewe.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 19, niko Tabora. Nimetunga kiitikio na beti mbili. Prodyuza anasema studio atanipa bure, ila kwenye mtunzi ataandikwa yeye, eti ndivyo wanavyofanya wote. Nikubali? — Mtunzi mchanga, Tabora*

Marahaba mwanangu. Kwa sharti hilo, usikubali.

Miaka ya sabini, nikiwa na umri kama wako, nilikuwa nakwenda mazoezini kwa bendi moja pale Tanga. Walikuwa na wimbo wenye beti mbili na wa tatu umewashinda. Nikauandika usiku ule kwenye karatasi ya kufungia sukari, mistari minane, nikampa kiongozi wa bendi kesho yake. Aliupenda, wakaurekodi. Santuri ilipofika dukani nilikuwa nyuma ya kaunta. Baba akaitoa kwenye bahasha, akasogea mlangoni penye mwanga, akasoma maandishi madogo kwa sauti. Majina mawili. Akanitazama, akaifuta, akaiweka rafuni bila kuipiga. Sikwenda kudai, nilidhani ni aibu msichana kwenda kudai wimbo kwa wanaume. Bado hupigwa kwenye harusi, na ubeti wangu ukifika watu huuimba wote.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla hujarudi studio. Andika maneno yako yote kwenye karatasi, weka tarehe na sahihi. Jirekodi ukiimba kwenye simu, hata kama ni jikoni, ujitumie mwenyewe ili tarehe ibaki. Kazi yako iandikishe Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kisha mwendee prodyuza na karatasi ya pili: nani katunga maneno, nani katunga mahadhi, nani katengeneza mdundo, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Mdundo aliotengeneza ni wake, mwandikie bila ubahili. Maneno ni yako. Akikataa kutia sahihi, lipia saa mbili za studio nyingine hata kama itabidi ungoje mpaka uuze karanga za msimu huu.

Wimbo ukitoka nitumie. Nitasoma majina kwanza, halafu ndipo nitausikiliza.